Ambulensi moja, vijiji kibao: mgonjwa akizidiwa usiku kwenu mnafanyaje?

Mshambaa wa Juu
Wadau habari za saa hizi. Niko vijijini huku milimani Usambara. Wiki iliyopita baba mdogo kaanguka zizini saa moja jioni, mdomo umekwenda upande, mkono na mguu wa kulia havina nguvu, kuongea hawezi. Tukamkimbiza zahanati, mhudumu akasema hii ni ya hospitali, akapiga simu kuomba gari akaambiwa lipo moja tu na limepeleka mgonjwa Bombo, hospitali ya mkoa, sasa kutoka huku mpaka Tanga mjini na kurudi mnajua wenyewe, tusubiri. Tumesubiri hadi saa nne. Saa nne wanasema gari limerudi ila halina mafuta, mchange. Majirani wakachanga elfu hamsini, halafu dereva anasema barabara yenu mvua imeikata sipandi, mshusheni mpaka barabara kubwa.

Vijana wakamfunga kwenye machela ya miti na blanketi, tochi za simu, utelezi, mteremko wa saa moja na nusu. Kafika hospitali alfajiri. Yuko hai, namshukuru Mungu, ila mkono bado haunyanyuki. Daktari akatuuliza mbona mmechelewa hivi, nikabaki namwangalia tu.

Sasa kwenu mnafanyaje? Na ile 115 ni ya wagonjwa wote au wajawazito tu?

Nesi wa Zahanati
Pole sana ndugu yangu, na mzee umpe pole. 115 ni ya m-mama, mpango wa usafiri wa dharura, ni kwa wajawazito, waliojifungua na vichanga. Kupiga ni bure. Unaongea na mtu wa zamu anauliza hali ya mgonjwa, kama ambulensi haipo karibu anamtuma dereva wa kijamii aliyesajiliwa, mwenye gari lake la kawaida, analipwa kwa simu akishamfikisha mama. Ilianzia kanda ya ziwa, 2022 Rais Samia akaizindua kwa nchi nzima. Mimi nimeiona inavyosaidia, mama akitokwa na damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufariki ndani ya masaa mawili tu, hapo huwezi kuanza kuzungusha kofia ya michango.

Ila wa kiharusi kama baba yako, aliyeumwa na nyoka, aliyeanguka mnazi, hao hawamo. Hao ndio wananiliza.

Kitu kingine, mgonjwa wa kiharusi msimpe maji wala dawa mdomoni, anapaliwa. Mlazeni ubavu, na muandike saa aliyoanza kuumwa, hospitali wataiuliza.

Boda wa Bagamoyo
Mimi bodaboda, naingia vijiji vya ndani kabisa huku Bagamoyo. Usiku ambulensi ni sisi. Nimeshabeba mama mwenye uchungu mshikaki, yeye kati, mama yake mzazi nyuma kamkumbatia, mchanga mtupu, kila shimo anapiga kelele na mimi natetemeka. Alijifungua salama. Lakini wadau mjue boda akikataa kutoka usiku sio kwamba hana roho, mgonjwa akikufia njiani unaulizwa wewe, na hela huwezi kumdai mtu aliyefiwa. Serikali ya kijiji ikituandika majina na ikajulikana nani anatulipa mafuta, mimi natoka hata saa nane. Na aliyeumia shingo au mgongo jamani msimpandishe pikipiki, tafuteni hata kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, alale.

Ng'ambo ya Mto
Niko Pangani, kijiji cha ng'ambo. Sisi kabla ya barabara kuna mto, usiku unaanza kwanza kutafuta wa kukuvusha. Tulichofanya, kila kaya inatoa elfu moja kwa mwezi, anatunza mama mmoja wa vikoba anayeaminika, na tuna namba za wenye magari watatu. Mtu akizidiwa hatuanzi kugonga milango.

Mlipa Kodi
@Ng'ambo ya Mto hongereni ila hapa sikubaliani. Mafuta ya ambulensi ni kazi ya halmashauri. Tukizoea kuchanga, mwakani kwenye bajeti wanaona hawa wanajiweza. Mleta mada kamwone diwani wako, andikeni barua, tajeni tarehe na saa mlizosubiri, ombeni aisome kwenye baraza la madiwani.

Ng'ambo ya Mto
Barua tuliandika ndugu. Mtoto mwenye degedege haisubiri ijibiwe. Tunafanya yote mawili.

Mshambaa wa Juu
Asanteni sana, nimesoma yote na mhudumu wetu nimemsomea. Jumamosi kuna mkutano wa kijiji, nakwenda na mambo mawili, mfuko kama wa Pangani na barua ya diwani yenye saa zote za usiku ule. @Ng'ambo ya Mto naomba unieleze, asiye na hiyo elfu moja mnamfanyaje? Maana kwetu wapo wengi na ndio wanaokaa mbali zaidi.

Ng'ambo ya Mto
Anabebwa vilevile. Wazee na wajane hatuwadai kabisa, wengine wanaleta nazi au wanakuja kufyeka njia.