Kipimajoto cha zebaki kimevunjika juu ya busati, nisafishe vipi?

BintiWete: Asalam aleikum. Kipimajoto cha homa, kile cha kioo, kimepasuka chumbani. Zebaki nyingine iko juu ya busati, nyingine imeingia kwenye ufa wa saruji. Nifagie na kumwaga chooni? Na bangili ya dhahabu imeigusa, imefanya weupe usiofutika.

Maabara_Unguja: Waaleikum salaam. Ufagio weka kando kabisa. Ukifagia, tone moja linakuwa mia, na matone madogo hutoa mvuke mwingi zaidi kwa kuwa eneo lililo wazi ni kubwa. Hatari ni mvuke huo: hauna rangi wala harufu, na ukiuvuta mwingi wake unaingia kwenye damu. Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357, lakini kuvukiza inavukiza hata chumba kikiwa na joto la kawaida.

Watoe watoto. Fungua madirisha ya nje, funga mlango wa ndani, zima feni. Vaa glavu. Sukuma matone taratibu kwa kadi ngumu mpaka yakutane, yataungana yenyewe. Yavute kwa bomba la sindano lisilo na sindano, uyatie kwenye chupa ya plastiki yenye maji kidogo. Zebaki ni nzito mara 13.5 kuliko maji, kwa hiyo itazama, na maji yatapunguza mvuke. Usitumie sufuria ya aluminiamu, inaliwa. Kisha tia giza, laza tochi sakafuni: kila kilichobaki kitameta. Hivyo vidogo vinase kwa selotepu.

Kipimajoto cha homa kina gramu moja hivi, ujazo wa tone moja na nusu la maji. Kidogo, lakini usikidharau.

BintiWete: Ahsante sana. Na busati na ufa?

Maabara_Unguja: Busati usilikung'ute wala usilifue. Likunje kwa ndani, lifunge kwenye mfuko wa plastiki, litoke nyumbani. Matone yaliyojificha katikati ya ukindu huwezi kuyamaliza. Ufa uvute kwanza kwa bomba, ndipo unyunyize unga wa salfa (kiberiti), ushike zebaki iliyobaki. Chooni hapana, wala kwenye karo: itakaa kwenye bomba la majitaka ikivukiza, mwisho iende baharini kwenye samaki. Chupa ifunge, iandike "ZEBAKI", umpelekee afisa afya.

Sonara_Mkunazini: Naongeza kuhusu salfa: inashika kwa kugusana tu, tena polepole. Wengi humwaga unga juu ya tone kubwa wakadhani kazi imekwisha, na ndani zebaki ni ile ile.

Bangili nayo haijachafuka juu juu. Dhahabu imechanganyika na zebaki, ndiyo maana kitambaa hakisaidii. Usiivae, na usiiweke juu ya mkaa: moto unaifukuza zebaki ikiwa mvuke, na mvuke huo utauvuta wewe. Ifunge kwenye kichupa, na ukimpelekea sonara mwambie kabla hajawasha moto kwamba imegusa zebaki.