Jiji la Mwanza ligharamie uwanja mpya ili timu ya soka ya Pamba Jiji isiondoke?

Wadau, uwanja wa Kirumba ni wa CCM, wa Nyamagana ni wa jiji. Tujenge mwingine?

Jibu: Hapana, mkuu. St. Louis, Marekani, walijenga uwanja kwa kodi. Mwaka 2016 Rams, timu yao ya futiboli ya Kimarekani, wakahamia Los Angeles, deni la uwanja likabaki kwa wananchi.

Jibu: Pamba ni timu ya halmashauri, haihami. Hatari ni uwanja kufungiwa, mechi za nyumbani zikachezwe mkoa mwingine. Itunzeni Nyamagana: nyasi bandia zipigwe brashi kila wiki, chembe za raba zinazojazwa kati ya nyasi ziongezwe eneo la penalti. Zikipungua hapo nyuzi hulala, pakawa pagumu, magoti yakaumia.

Jibu: Naunga mkono. Siku mkijenga, mkataba useme nani analipia taa na mifereji. Timu binafsi ikihama, ilipe salio lote la deni.