"KATA ETHI"?! Nani alimpa huyu mtu solda?

Mvumo_Sugu:
Wakuu, leo sina salamu. Salamu zimeungua.

Mnamjua. Simtaji, hana haja ya kutajwa. Hakuna uzi wa spika asiokuwemo, ni yule anayejibu kabla swali halijafika mwisho. Na swali langu lilikuwa la kistaarabu: bodi ya ADAU1701 (chipu ya kuchakata sauti, yaani DSP), njia 2 za kuingia na 4 za kutoka, krosova (kigawa besi na sauti nyembamba) ya Linkwitz-Riley ya 24 dB kwa oktavu pale 2500 Hz, amplifaya mbili za TPA3118, saplai ya chuma ya volti 24, LM2596 inashusha hadi volti 5 za bodi. Vufa (spika ya besi) inavuma 50 Hz, na kwenye twita (spika ya sauti nyembamba) kuna kilio chembamba kinachobadilika ukisogeza kipanya. Na mchoro juu. Jibu lake lote, mwanzo hadi mwisho:

"Kata ethi."

Kata. Ethi. Waya wa usalama unaokwenda ardhini! Halafu kikaragosi cha kucheka!

Ndani ya saplai ile kuna kapasita mbili ndogo, moja kutoka laini na moja kutoka nyutro, zote zinashuka kwenye kasha. Kata ethi uone: kasha linaelea kwenye takriban nusu ya umeme wa ukutani, kama volti 115. Mkondo ni mdogo, unang'ata kama siafu. Lakini siku kizuizi cha ndani kikitoboka, volti 230 nzima zinahamia kwenye chuma na kwenye ganda la kila jeki ya RCA, zikimsubiri mtu aliye peku kwenye sakafu iliyotoka kupigwa deki. Mvumo utaisha, sikatai. Na msikilizaji naye atakuwa ameisha.

Kata ethi! Kama kucha!

fundi_peku:
Nimekuja mbio nikijua kuna msiba, kumbe ni maneno mawili. Pole mkuu, kunywa maji.

Bi_Desibeli:
Kaka, hasira imekuziba masikio. Jisome mwenyewe: "kinabadilika ukisogeza kipanya". Kipanya na twita wanajuana wapi? USBi, kile kifaa cha kupakia programu kwenye bodi kutoka laptopu, bado imechomekwa hapo. Chaja ya laptopu ina ethi, saplai ya 24 ina ethi, na waya wa USB umeziunganisha. Hilo ni duara, na duara ndilo linalovuma. Chomoa chaja, laptopu ibaki na betri. Usikate kitu.

Mvumo_Sugu:
Nimechomoa.
Kimya.
Lakini ALISEMA KATA ETHI.

mdau_wa_kona:
😂😂😂 Uzi umefia mikononi mwa mwenye uzi. Mods, leteni sanda.

Mvumo_Sugu:
Haufi! Nikichomoa na USBi, nikizima na kuwasha, bodi inaamka bubu. Hilo nalo angejibuje? Kata EEPROM?

Bi_Desibeli:
Hujaandika kwenye EEPROM (kumbukumbu ya kudumu), umepakia kwenye RAM tu, na RAM haina kumbukumbu ya kesho. Kwenye SigmaStudio, ile programu ya kupangia chipu, weka E2Prom (ndiyo hiyo EEPROM) kwenye njia ya pili ya USBi, anwani 0xA0. Chipu yenyewe ibaki 0x68. Kama ni 24C256, ukubwa ni baiti 32768, ukurasa baiti 64, anwani baiti 2. Ukikosea ukubwa au ukurasa itaandika nusu nusu, wala haitakwambia. Kisha jampa ya WP (kufuli ya kuandika) iende graundi, maana ikiwa juu EEPROM imefungwa. F7 kwanza (inapakia kwenye chipu), halafu kitufe cha kulia juu ya picha ya ADAU1701, chagua kuandika kwenye E2PROM. Ikimaliza, ondoa jampa, hakikisha pini ya SELFBOOT (inayoifanya chipu ijisomee EEPROM ikiwaka) ina volti 3.3, zima, chomoa USBi, washa.

Na amplifaya zako nadhani umeziacha kwenye ukuzaji wa 36 dB. Bodi inatoa 0.9 V tu ikijaa. Kwa 26 dB hiyo inakuwa mara 20, volti 18, tayari imefika ukingoni mwa saplai ya 24. Zinazobaki ni za kukuza shhhh.

Mvumo_Sugu:
36, ndiyo. Mnanipiga kwenye uzi wangu mwenyewe.

fundi_peku:
Naona sasa hata yule bwana anasoma huku anatafuna karanga.

Luthuli_Base:
Nyinyi mna bahati, shida yenu ni ethi. Hapa Nairobi mtu anachukua redio ya gari inayotoa volti 4, anaichomeka kwa hiyo bodi moja kwa moja, halafu analia eti DSP inapasua sauti. Wacha ipasue! Mlango wa kuingizia wa ADAU1701 unapima mkondo, unajaa kwa mikroampia 100. Ndani kuna rezista ya 2k, nje wameweka ya 18k, jumla 20k, kwa hivyo mwisho ni volti 2. Unataka 4? Toa hiyo 18k, weka 39k. Rezista ya bei ya peremende. Lakini hapana, mtu anaenda kununua bodi ingine.

Kigodoro_Pro:
Maneno meeengi. Bass iko wapi? Weka +12 dB pale 35 Hz, mambo yamekwisha.

Luthuli_Base:
Huyu sasa ndiye wa kukatwa ethi.

Bi_Desibeli:
+12 dB ni nguvu mara 16, mkuu. Amplifaya iliyokuwa inatoa wati 5 pale 35 Hz unaitaka itoe 80. Ndani ya chipu kuna nafasi ya 24 dB juu ya kiwango kamili, hivyo hesabu haitapasuka humo. Itapasuka mlango wa kutokea, kwenye DAC (inayogeuza namba kuwa sauti). Ukitaka kupandisha 12 pahali, teremsha kwanza 12 kila pahali. Na kama boksi lina tundu, weka kichujio cha kukata chini ya masafa ya tundu, la sivyo koni inarukaruka bila breki.

Kigodoro_Pro:
Kwa hiyo +9?

solda_baridi:
Mimi nina lalamiko kubwa kuliko haya yote: watu wanaounganisha twita moja kwa moja na amplifaya bila kapasita, eti "krosova iko kwenye DSP". DSP ikiwaka inapiga dum! Ukibofya F7 wakati muziki unaimba, yoyote yanaweza kutoka. Weka 33 µF kwa twita ya omu 8, inakata karibu 600 Hz, mbali sana na 2500, haiharibu kitu. Iwe ya filamu au isiyo na upande, siyo zile zenye alama ya hasi.

Luthuli_Base:
Na wa Bluetooth je? Moduli, DSP na amplifaya kwa LM2596 moja, halafu wanauliza hiyo "tiritiri" inatoka wapi.

solda_baridi:
Hao wapewe B0505S-1W, kisaplai kidogo cha kutenganisha, volti 5 kuingia, 5 kutoka, graundi zimetengana, 200 mA zinaitosha moduli. Ila graundi ya sauti nayo wasiirudishe DSP kwa waya, sauti yenyewe ipite kwenye transfoma ndogo ya 1:1. Wengine wanatenganisha umeme halafu waya wa RCA unaunganisha tena kila kitu. Kazi bure.

mdau_wa_kona:
Twita yangu iko mbele ya vufa kwa sm 5, niicheleweshe kiasi gani?

Bi_Desibeli:
Kwa 48 kHz sampuli moja ni kama mm 7. Weka 7. Kisha geuza nyaya za twita: pale 2500 pakizama shimo refu, ujue umepatia. Zirudishe.

Mvumo_Sugu:
Wakuu, tulikuwa kwenye ethi.

Kigodoro_Pro:
Ethi gani?

mdau_wa_kona:
Hiyo 33 µF ya filamu Kariakoo wanauza moja moja au mpaka pakiti?