Camaro ya 1968: bushi za subfremu, mpira, poli au alumini?

Kutu_Adui (Ohio)
Wakuu, nina Camaro ya 1968, gari la Chevrolet. Chumvi wanayomwaga barabarani huku wakati wa theluji imekula sakafu upande wa dereva na kona za chini za kioo cha nyuma. Kama mnavyojua, gari hili halina chesi nzima. Kuanzia ukuta wa injini kwenda nyuma, bodi yenyewe ndiyo chesi. Mbele kuna subfremu inayobeba injini, imefungwa kwenye bodi kwa boliti nne zinazopita kwenye bushi za mpira, yaani vipande vinavyokaa kati ya subfremu na bodi. Nilichomeka bisibisi kwenye bushi moja, ikameguka kama mkate mkavu. Niweke zipi? Na nianze na bodi au na chini?

Spana13
Kama ni gari la kutembelea Jumapili na familia, rudisha mpira. Unameza mtetemo, na ndivyo lilivyotoka kiwandani. Poli (plastiki ya polyurethane) ni ngumu zaidi na haikandamiziki upesi, ila isipopakwa grisi yake hulia kwenye kila tuta.

Gereji_Muscat
Mkuu, mimi nimefunga alumini kwenye Firebird ya 1969, ambayo chini ni ndugu wa Camaro. Kelele za barabara zimeongezeka kidogo, sikatai. Lakini steling sasa inajibu papo hapo, na milango haigongi nikipita kwenye mashimo. Usichanganye tu, alumini mbili na mpira mbili. Zote nne ziwe za aina moja.

DadaWelda
Naomba nikusihi kwa jambo moja, kaka: chini kwanza, bodi baadaye. Mimi nilifanya kinyume. Nilipiga rangi, gari likang'aa, kisha nikabadilisha bushi zilizobonyea kwa miaka hamsini. Pua ilinyanyuka. Nafasi kati ya fenda na mlango, ambayo nilikuwa nimeinyoosha kwa wiki mbili, ikawa nyembamba juu na pana chini. Ukingo wa mlango ukabandua rangi mbichi siku ileile. Nililia, kweli.

Kwa hiyo funga bushi mpya, kisha linganisha subfremu. Kila upande ina tundu linalotazamana na tundu la sakafu. Pitisha nondo laini ya inchi 5/8 pande zote mbili, hapo ndipo ukaze boliti. Pima pia mshazari, kona hadi kona.

Spana13
Hapo dada umesema. Na vipi vyuma vya kuunganisha subfremu na reli za nyuma (mihimili ya chini ya bodi), vya boliti au vya kuchomelea?

DadaWelda
Vya kuchomelea vina nguvu zaidi, lakini viendane na bushi za alumini. Ukichomelea huku mpira bado unacheza, ufa utatokea kwenye weldi. Na usichomelee gari likining'inia kwenye lifti ya kati! Liache lisimame kwa uzito wake juu ya magurudumu, milango imefungwa na nafasi zimekaa sawa, maana ukishachomelea umeligandisha lilivyo.

Kwenye sakafu, kata mpaka ufike bati safi. Usifunike kutu kwa kiraka. Chomelea kwa vidoti, kimoja hapa, kingine mbali, uache bati lipoe; ukikimbiza mstari mmoja litajikunja kama kaki. Kona za kioo usizijaze puti hata kidogo, maji yatapita chini yake na utarudi palepale.

Gereji_Muscat
Naunga mkono. Na kabla ya kukata sakafu, chomelea vyuma vya muda kwenye uwazi wa mlango, bodi isijipinde.

Kutu_Adui (Ohio)
Asanteni sana. Nimeshaagiza alumini za urefu wa kiwandani. Rangi itasubiri. Jumamosi nanunua nondo ya 5/8 na kuingia chini ya gari, nitaleta vipimo vya mshazari hapa.