Mjadala: Je, uendeshaji wa ushirika uwe somo la lazima katika shahada ya uzamili ya biashara?

Mtoa mada

Ndugu zangu, naomba tujadili swali ambalo nimekaa nalo tangu nilipohitimu shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara, niliyoisoma jioni huku mchana nikifanya kazi katika chama cha akiba na mikopo. Je, uendeshaji wa vyama vya ushirika uingizwe katika masomo ya lazima, au ubaki somo la hiari pale unapofundishwa?

Orodha ya masomo ya lazima hufanana karibu kila chuo: uhasibu, usimamizi wa fedha, masoko, usimamizi wa uzalishaji, tabia za watu kazini, uchumi, takwimu, mkakati, pamoja na mbinu za utafiti zinazomwandaa mwanafunzi kwa tasnifu. Orodha hiyo haikushushwa kama wahyi. Harvard ilifungua shule yake ya biashara mwaka 1908, na mwaka 1959 zikatoka taarifa mbili nchini Marekani, moja ikiwa imegharamiwa na wakfu wa Ford na nyingine na wakfu wa Carnegie, zilizozilaumu shule za biashara kwa elimu nyepesi na kuzitaka ziegemee uchumi, hisabati na sayansi ya tabia za watu. Lawama hiyo ilikuwa ya haki kwa mahali ilipotolewa. Hata hivyo, biashara waliyoifikiria waandishi wake ni kampuni kubwa yenye wanahisa wasiojuana, ambayo hisa zake huuzwa kila siku na meneja wake huajiriwa ili aikuze thamani ya hisa hizo.

Tuchukue usimamizi wa fedha. Tulitumia majuma mengi kujifunza beta, kile kipimo kinachoonyesha jinsi hisa inavyopanda na kushuka ikilinganishwa na soko zima, kutokana na kazi aliyoichapisha mchumi William Sharpe mwaka 1964. Kipimo hicho kinadai bei za sokoni zinazobadilika mara kwa mara. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza mauzo mwaka 1998, na hadi leo zipo kampuni ambazo hisa zake hupitisha siku bila mnunuzi wala muuzaji. Kwa upande wa chama changu, hisa hazifiki sokoni kabisa, na kila mwanachama ana kura moja, awe na hisa tano au mia tano. Swali linalonikosesha usingizi kazini ni hili: bodi inadhibitiwaje pale ambapo mjumbe anayeidhinisha mikopo naye ni mkopaji, na wanaomchagua ni jirani zake? Katika miaka miwili ya masomo, swali hilo halikuguswa hata kwa kipindi kimoja.

Na sisemi juu ya jambo dogo. Chama Kikuu cha Ushirika cha Kilimanjaro, KNCU, kiliandikishwa mwaka 1933. Vyama vikuu vilivunjwa na Serikali mwaka 1976, vikarejeshwa kwa sheria ya mwaka 1982. Mtwara na Lindi, korosho hupita katika chama cha msingi, kisha ghala kuu, kisha mnada, chini ya mfumo wa stakabadhi ghalani, yaani hati inayotolewa kwa mzigo uliowekwa ghalani, ambao sheria yake ni ya mwaka 2005. Mwezi Oktoba 2018 wakulima walizikataa bei za mnadani, na mwezi uliofuata Serikali ikaamua kuzinunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, magari ya jeshi yakapewa kazi ya kuzisomba. Katika tukio hilo moja limo somo kwa mwanafunzi wa fedha, wa usafirishaji, wa mkakati na wa maadili. Sisi tulisomeshwa visa vya viwanda vya magari vya Marekani.

Mchangiaji wa kwanza, mwalimu wa usimamizi wa fedha

Ndugu mtoa mada, nimekusoma kwa makini na nakubali kwamba visa vyetu vya kufundishia vinahitaji kubadilishwa. Hoja yako juu ya orodha yenyewe siikubali.

Nafasi za masomo ya lazima zinahesabika. Anayeongeza somo moja analazimika kutaja lipi linatoka, nawe hukulitaja. Aidha, umeitumia beta kuihukumu fedha nzima, ilhali kiini cha somo ni thamani ya fedha kwa kadiri muda unavyopita, na hilo halina uraia. Niruhusu nitoe mfano kutoka katika kazi yako. Mwanachama amekopa shilingi 12,000,000 kwa miezi 12, kwa riba ya asilimia 1.5 kwa mwezi inayokokotolewa juu ya mkopo wote wa awali. Atalipa 1,180,000 kila mwezi, na riba yote itakuwa 2,160,000. Kiwango kilekile kingekokotolewa juu ya salio linalopungua, riba ingekuwa takriban 1,202,000. Kwa hiyo mwanachama anayeamini kwamba analipa asilimia 1.5 kwa kweli analipa zaidi ya asilimia 2.6 kwa mwezi juu ya deni alilobaki nalo. Ni meneja yupi atakayewaeleza wanachama jambo hili katika mkutano mkuu, kama si yule aliyeketi darasani kwangu?

Vilevile, Benki Kuu ya Tanzania huuza hatifungani za Serikali, yaani hati za kuikopesha Serikali kwa riba, zinazofikia miaka 25. Chama kinapoamua kukopesha akiba za watu, lazima kijiulize kama mkopo huo unalipa kuliko hatifungani ambayo ingenunuliwa kwa fedha zilezile, baada ya kukadiria wasiolipa. Hiyo ndiyo gharama ya mtaji, na inakihusu chama chako sawasawa na kampuni kubwa. Nahofia kwamba tukiwatengea watu wa ushirika somo lao, tutakuwa tumewaambia kwamba hesabu hizi ni za wengine.

Mchangiaji wa pili, karani wa chama cha msingi, Newala

Shikamooni wakubwa zangu. Mimi sina shahada, ila msimu wa 2018 nilikuwa kwenye mizani. Tatizo lililotuelemea wakati ule lilikuwa uhakiki. Malipo yalisubiri hadi ithibitike kwamba mwenye korosho ni mkulima kweli na si mtu wa kangomba, yaani aliyezinunua shambani kwa bei ya kutupa mkulima akiwa na shida, na sisi makarani daftari zetu hazikuwa zimeandikwa kwa namna ya kujibu swali hilo. Wazee walikuwa wakifika ofisini kila asubuhi. Naomba somo hilo, litakaloitwa jina lolote, limlete mwanafunzi ghalani akae msimu mmoja, apime unyevu, apange madaraja, aandike stakabadhi, na amtazame usoni mtu anayesubiri fedha yake.

Mchangiaji wa tatu, Nairobi

Hapa Kenya mpaka kati ya ushirika na soko la hisa si mnene kama mnavyouchora. Benki ya Ushirika iliingia katika soko la hisa la Nairobi mwaka 2008, na zaidi ya nusu ya hisa zake zinamilikiwa na vyama vya ushirika kupitia chama kimoja kilichoundwa kwa kazi hiyo. Meneja wa chama mwanachama anahitaji kuielewa bei ya hisa na kuuelewa mkutano mkuu wa kura moja moja, vyote kwa pamoja. Mwalimu na mtoa mada wamegawana vitu viwili ambavyo mtu huyo hawezi kuvigawa.

Mtoa mada

Nawashukuru. Mwalimu, mfano wako wa riba umenigusa, kwa sababu chama chetu kilitoza hivyohivyo kwa miaka, na nilikuwa miongoni mwa waliozisaini fomu kabla sijasoma. Darasa la fedha ndilo lililonifumbua macho, na katika maelezo yangu ya mwanzo sikulitendea haki. Naondoa dai la kuupa ushirika somo zima lenye masuala ya fedha, masoko na uhasibu ndani yake. Masuala hayo yafundishwe katika masomo yaliyopo, na chama cha akiba na mikopo kiwemo katika mtihani pamoja na kampuni ya hisa.

Suala la utawala silirudishi nyuma. Namna ya kuongoza taasisi ambayo wateja ndio wamiliki na ndio wapiga kura haiwezi kuwa mfano wa nusu ukurasa katika somo la mkakati, kwa kuwa nadharia nzima ya somo hilo inamchukulia mmiliki kuwa mtu anayeweza kuuza hisa zake na kuondoka. Mkulima wa Newala hawezi kuondoka katika chama chake kwa kuuza hisa, na anachoweza kufanya akikosa imani ni kuuza kwa kangomba. Naomba nusu muhula kwa ajili ya hilo.

Uliniuliza kitoke nini. Kitoke katika mbinu za utafiti. Wanafunzi wengi wa jioni huishia kusambaza madodoso kwa wafanyakazi wenzao ili wapate tasnifu, na tasnifu hiyo hufungiwa kabatini. Msimu mmoja ghalani, kama alivyopendekeza ndugu yetu wa Newala, ukifuatiwa na kisa kilichoandikwa vizuri, ungehesabiwa kuwa utafiti, na baada ya miaka michache chuo kingekuwa na visa vyake vya kufundishia. Mwalimu, wewe umo ndani na unazijua kanuni: je, Tume ya Vyuo Vikuu inaweza kuukubali utaratibu huo bila mtaala wote kuandikwa upya?