Vyumba vya kupangisha: je, mwanga wa mchana ni anasa?

Swali
Ndugu wanajukwaa, nina kiwanja chembamba huku Mbagala ninapotaka kujenga vyumba vya kupangisha vya mita 3 kwa 3, vikitazamana kwa korido ya kati. Fundi anashauri tusogeze kuta hadi mpakani na madirisha yote yafungukie koridoni, ili tupate vyumba viwili zaidi. Nahofia wapangaji watawasha taa mchana kutwa. Je, chumba cha bei nafuu nacho kidaiwe mwanga wa jua?

Jibu la 1
Kidaiwe, tena kabla ya marumaru na geti. Kipimo kinachotumiwa na wachora ramani wengi ni dirisha lisilopungua sehemu ya kumi ya eneo la sakafu, yaani karibu mita 1 ya mraba kwa chumba chako, na lazima litazame anga, kwa kuwa dirisha la koridoni huazima mwanga ambao korido yenyewe haina. Lielekeze kaskazini au kusini. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, hivyo jua la adhuhuri huwa juu sana mwaka mzima na upenu mfupi hulizuia. Jua la alasiri hupenya chini ya upenu na kukifanya chumba cha magharibi kuwa tanuri.

Jibu la 2
Hoja ya fundi huenda ikatetewa kwa mfano wa nyumba za kale za mawe. Ni kweli kwamba kule Lamu vyumba vilikuwa vyembamba, upana wake ukiamuliwa na urefu wa boriti za mikoko, na kile cha nyuma, kiitwacho ndani, kilikuwa na giza. Lakini mwanga ulishuka kupitia kiwanda, yaani ua ulio wazi kwa anga, ukapokelewa na kuta za chokaa nyeupe, na wenyeji walikuwa na ua huo wa kushinda mchana. Mpangaji wa chumba kimoja atakwenda wapi? Afadhali upoteze vyumba hivyo viwili, upate ua.

Jibu la 3
Mimi ni muuguzi. Ndani ya jicho zimo seli ambazo kazi yake kubwa si kuona, bali kuuarifu ubongo kwamba kumekucha. Kwa hiyo anayeshinda gizani, kama mama aliyejifungua karibuni, huweza kuharibikiwa na usingizi wa usiku. Tusitie chumvi, hata hivyo: dirisha lililofungwa halileti vitamini D, kwa kuwa miale inayoitengeneza kwenye ngozi haipenyi kioo cha kawaida. Kwa hilo mtoto atolewe nje.

Mwuliza swali
Nawashukuru. Upande wa magharibi nitaweka vyoo na stoo, na ua utakuwa kaskazini. Fundi atanung'unika, lakini kodi ni yangu.