Gumzo la kikundi: Wana wa Bi Mkubwa

*Jumamosi*

Mwanaidi (Northampton): Asalaam alaykum nyote. Nina jambo la Mama, naomba tulizungumze. Tangu Disemba iingie hatoki nje kabisa. Nikirudi kazini namkuta kwenye kiti kile kile nilichomwacha asubuhi, tivii inasema peke yake, miguu imemvimba. Huku jua linatoka saa mbili, saa kumi kasoro lishazama. Adhuhuri, Alasiri na Magharibi zote zinamkuta pale pale.

Hamadi (Muscat): Waalaykum salaam dada. Imevimba yote miwili au mmoja?

Khadija (Leicester): Umeuliza la maana Kaka Hamadi. Ukivimba mmoja, ukawa wa moto na unauma, hilo si la kungojea kesho. Huenda damu imeganda kwenye mshipa.

Mwanaidi: Yote miwili, na akiamka asubuhi imepungua. Daktari kamtazama, anasema ni kukaa mno. Lakini jana nimegundua jingine. Nikitoka tu, anazima hita! Anajitanda kanga mbili na blanketi. Nilipomuuliza akanambia, "Bili unalipa wewe mwanangu, mie baridi naivumilia."

Hamadi: La ilaha illallah. Mwambie kuanzia leo gesi nalipa mimi mpaka Machi. Hita isizimwe.

Khadija: Kwa aliyefika miaka 65 chumba kisishuke chini ya nyuzi 18, Da Mwanaidi. Mwekee kipimajoto mbele ya macho yake, kuliko kumsemea kila siku.

Khadija: Na asikae zaidi ya saa moja bila kuinuka, hata kama ni kwenda jikoni na kurudi. Kazini kwetu, nyumba ya wazee, kila siku saa tano asubuhi, kabla ya chai, tunawakalisha duara. Kiti kisiwe na magurudumu, nyayo zote ziguse sakafu. Kwanza visigino juu, chini, mara kumi. Msuli wa nyuma ya mguu ndio unaosukuma damu irudi juu, na Mama Mkubwa hilo ndilo analolihitaji hasa. Kisha ananyoosha goti moja, anahesabu mpaka tano, anashusha, mguu wa pili. Kisha anapiga hatua vilevile amekaa, kama anayetembea. Akisikia kizunguzungu au kifua kubana, basi, aache.

Mwanaidi: Nimejaribu kidogo. Anafanya mara mbili ananiambia inatosha. Nikamnunulia na kitabu cha kupaka rangi, wanasema kinawatuliza wazee. Alikitazama, akakifunga taratibu, akampa Nasra. Hakusema neno. Iliniuma.

Mama Mdogo (Wete): Wanangu nimewasoma wote. Dada yangu mie namjua tangu tuko wadogo. Hajapatapo kukaa bure maisha yake. Pale barazani kwetu mazungumzo yanakwenda na mikono inakwenda, anasuka ukili wa mikeka hata hautazami. Mikeka mliyolalia nyote ni mikono yake. Leo mmemkalisha kwenye kiti kizuri, kila kitu mnamfanyia nyie, halafu mnampa karatasi apake rangi. Mpeni kazi.

Hamadi: Kweli Mama Mdogo.

Khadija: Mama umesema kitu ambacho hata kazini tunakiona. Yule bibi asiyetaka mazoezi, mpe taulo za kukunja, anakunja kapu zima na anauliza kama zimebaki.

Mwanaidi: Ukindu wa kusukia nitaupata wapi Northampton?

Khadija: Duka la vitu vya sanaa ulizia rafia. Ni majani ya mti wa jamii ya mnazi, yanauzwa makavu kwa mafungu. Tepe za zawadi usinunue, zinateleza.

*Jumatano*

Mwanaidi: Nimeleta rafia. Kaishika, kainusa, kaipitisha kwenye kidole gumba. "Hii laini mno, haina mgongo kama ukindu." Moyo wangu ukaanguka. Nikaingia jikoni. Nikitoka, keshailowesha maji, anachana chane!

Nasra (Northampton): Mimi nimekaa naye 🥰 Ananifundisha. Nikikosea anafumua wote, naanza upya. Mnajua anapimaje? Anautandaza ukili kwa mikono miwili, kutoka ncha ya kidole mpaka ncha ya kidole. Hiyo pima moja.

Khadija: Nasra, hapo kapanua mabega yake yote! Mimi natafuta maneno ya kumfanya mtu anyanyue mikono vile. Hebu akimaliza kila pima moja, ainuke asimame, akauweke ukili kwenye kapu mbali na kiti. Kapu lisikae karibu.

Nasra: Nimelihamishia dirishani.

Mwanaidi: Na visigino je?

Nasra: Tunafanya wote wakati chane zinalowa. Yeye ndiye anayehesabu.

Hamadi: Alhamdulillahi. Bao la marehemu Baba ninalo huku, nitalituma na kete zake zote 64. Mama hakuwa akicheza, lakini kwa miaka aliyolitazama pale barazani anajua kunamua kuliko mimi. Nasra atapata mwalimu.

Mama Mdogo: Mwambieni dada, mkeka wangu wa kuanikia karafuu umekatika pembeni. Sina wa kunisukia, vijana wa huku wananunua ya plastiki. Nataka pima kumi na mbili, upana wa vidole vinne.

Mwanaidi: Mama Mdogo, rafia itahimili jua la Pemba?

Mama Mdogo: Mkeka huo utanikalia ndani. Karafuu nitaazima jamvi. Wewe mwambie nautaka.

Nasra: Bibi anasema niandike hivi hivi: "Waalaykum salaam. Nimesikia. Leo ziko pima tatu. Vidole vinne vya nani, vyako au vyangu? Vyangu vimenenepa. Nijibu kabla sijaendelea, na Nasra kesho anisogezee kiti dirishani mapema, mwanga wa huku haukai."

Mama Mdogo: Vyako dada.